Mwanga Unaofika Mapajani

Nnapima mwanga. Ndiyo kazi yangu, na kabla hujacheka kama wanavyocheka wote, nikwambie tu: wako wanaopima damu, wako wanaopima viwanja, na mimi nnapima mwanga. Ofisi hunituma kwenye karakana, madarasa, majiko ya mahoteli, popote pale watu wanapofanya kazi ya macho na mikono. Nna kidude cha kushika mkononi, kina kichwa cheupe cha duara mfano wa kifuniko cha chupa, kimeunganishwa kwa waya na kisanduku chenye kioo. Kichwa kinapokea mwanga, kioo kinatoa namba. Namba hizo tunaziita laksi. Basi, hakuna uchawi.

Na hasira zangu nyingi duniani zinatoka kwenye jambo moja: watu wanapima taa badala ya kupima kazi. Nikiingia mahala tu, msimamizi ananinyooshea kidole darini. "Tazama dada, taa nne mpya, tena kali hizo." Nani kakuuliza taa? Taa ni ya kutoa, mimi nataka kujua kinachofika. Mwanga ukishatoka kwenye taa unatawanyika. Ukiisogeza kazi yako mbali mara mbili, hupati nusu ya mwanga, unapata robo. Robo! Kazi ikikaa mshazari, isiutazame mwanga uso kwa uso, unapungua tena. Na mwanga unaokufikia mezani haukutoka wote kwenye taa au juani moja kwa moja. Sehemu kubwa imepita ukutani kwanza, ikapiga, ikarudi. Ukuta mweupe unarudisha. Ukuta wa rangi nzito unameza, halafu unakaa kimya kama si wenyewe.

Na jicho la mtu ni shahidi mbovu kabisa. Mboni inajipanua polepole, inajitahidi, inakuficha. Utakaa kwenye giza la kila siku usilijue, utajua tu kichwa kinauma na kazi inaharibika.

Yote haya nnayajua. Nnayafundisha watu, nnalipwa mshahara kwa kuyasema. Na ndani ya nyumba yetu wenyewe, mimi huyuhuyu, nilimwambia mama yangu kuwa macho yake yamekwisha.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, kwenye kichochoro chembamba hata wa dirisha la pili ukimpa sahani ya futari hana haja ya kunyoosha mkono sana. Mama hukaa kwenye dirisha letu linalotazama kichochoro hicho. Ana kigoda chake kifupi, kwa sababu magoti hayamruhusu tena kukaa mkekani, na anashona kofia. Kofia za mkono, zile za vitundu vidogovidogo, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Ameanza akiwa mwari na mpaka leo hajapata kushona kitu kingine. Wanaume wa mtaa huu wakivaa kofia yake wanajulikana toka mbali, maana vitundu vyake vyote ni sawa, utadhani vimetobolewa na mashine, na mashine haiwezi.

Sasa fikiri mwenyewe. Weupe juu ya weupe. Unachokiona pale si uzi, ni kivuli. Kila kitundu kina kivuli chake kidogo pembeni, na sindano inakifuata kivuli hicho. Mwanga ukija kutoka ubavuni, kwa wingi na kwa upole, kazi inaonekana. Ukija kutoka juu ya kichwa chako, kichwa chenyewe kinatia kivuli kikubwa na vile vidogo vinazama. Kazi kama hiyo inataka laksi mia saba na hamsini kwenda juu, pale mapajani penyewe, kitambaa kilipo. Si dirishani wala darini.

Mbele ya dirisha la mama uko ukuta wa nyumba ya pili. Humo alikuwa akikaa bibi mmoja mtu mzima, mkali, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kila mwezi wa Shaaban alikuwa akiupaka ukuta ule chokaa. Sote kichochoroni tulipaka, ndiyo desturi yetu kabla ya Ramadhani kuingia. Pipa la chokaa linakorogwa chini, mafundi wanapanda ngazi, watoto wanapigiwa kelele wasitie mikono. Bibi yule alikuwa anatoa kichwa na kumwambia mama, "Haya shoga, nshakupakia ukuta wako." Ukuta wako! Mimi nilikuwa nikidhani ni mzaha wa wazee. Ulikuwa wake kwa mali, lakini nani aliyeutazama mchana kutwa? Mama. Yeye bibi mwenyewe alikuwa upande wa ndani.

Bibi alipofariki, warithi wakauza. Nyumba ikawa hoteli, vyumba sita na mgahawa juu ya paa. Shaaban ikaja, hoteli nayo ikatoa mafundi wake. Nikafurahi, nikasema hawa wastaarabu. Kumbe hawakuja na chokaa. Walikuja na makopo ya rangi ya plastiki, rangi ya kahawa iliyoungua, na wakaupaka ukuta wote toka chini mpaka juu. Walisema inawapendeza wageni kwenye picha, ati ndiyo rangi ya asili ya mji.

Na mimi, nisijifiche, nilisimama pale chini nikautazama nikasema umependeza.

Ramadhani mama hashoni sana. Mfunguo Mosi ukaingia, Idi ikapita, akarudi kwenye kigoda chake. Siku ya tatu au ya nne nimerudi kutoka kazini, nikamkuta ameiweka kofia pembeni anajifikicha macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi wewe huoni? Nyumba imeingia giza."

"Giza gani mama, saa tisa hii? Jua lote hilo."

"Mimi nakwambia imeingia giza."

Nikamtazama. Nikaona mama mtu mzima, ana mvi, anajifikicha macho. Nikasema lile neno kwa upole wa kujifanya mtoto mwema: "Umri, mama. Ni macho hayo." Mama si mtu wa kubishana. Akisema mara mbili hasemi ya tatu.

Kaka yangu anakaa Amani, kwenye nyumba za ghorofa, na yeye ni mtu wa kutatua mambo. Akaja na fundi, wakamtilia taa kubwa katikati ya dari, ya kupasua macho. Mama akakaa chini yake siku mbili. "Taa inanipiga usoni, kazi yangu iko gizani," alisema. Kaka akacheka. Na mimi nikacheka! Mimi ambaye ningeingia karakana ya mtu nikakuta taa kama ile juu ya kichwa cha mshonaji, ningeandika kurasa mbili za lawama.

Tukampeleka kwa daktari wa macho. Daktari akampima vizuri, bila haraka, akatuambia jicho lina ukungu kidogo kama la mtu yeyote wa umri wake, miwani aliyonayo inatosha, ukungu huo haumzuii kazi, arudi baada ya mwaka. Maneno yale niliyasikia mwenyewe kwa masikio yangu haya. Lakini tulipotoka nje, katika maneno yote, mimi na kaka tulikuwa tumebeba moja tu. Ukungu. Kaka akampigia simu mkewe palepale barabarani: "Bi mkubwa ana ukungu." Mama amesimama ubavuni kwetu anasikia.

Kofia aliyokuwa nayo mkononi mwezi ule ilitoka mbaya. Mstari wa juu ulikwenda kombo, vitundu vingine vikubwa, vingine vidogo. Aliitazama, akaifumua yote, akaanza tena, ikatoka vilevile, akaifumua tena. Kaka akasema basi, imetosha. Akapanga baada ya Idi Kubwa mama ahamie kwake Amani, akae tu, apikiwe, asishike sindano tena asije akajichoma. Chumba cha dirishani tukifunge. Nilimkubalia. Mama alianza kukunja vitambaa vyake, kimojakimoja, akivitia ndani ya mkoba wa ukili.

Wiki mbili kabla ya Idi Kubwa, ofisi ikanituma Jambiani. Mvua zilikuwa zimeshakatika na jua linawaka. Kuna karakana ya kina mama wanaoshona mikoba ya vitenge, wengine ni wale walioacha kulima mwani baharini kwa sababu maji ya chumvi yaliwaumiza miguu. Msimamizi wao, bwana mmoja mwenye maneno mengi, akanipokea na malalamiko: kuna mama mmoja kwenye kona anaharibu kazi, mishono inakwenda kombo, ameshamwonya mara tatu, sasa atamtoa.

"Umepima pale anapokaa?" nikamuuliza.

"Nipime nini? Taa si ile pale juu yake."

Ah! Damu ilinipanda. Nikaweka kichwa cha kidude changu juu ya kitambaa chenyewe, chini ya sindano ya cherehani yake, na kioo kikatoa namba ya kutia aibu. Ukuta wa kona ile ulikuwa umepakwa buluu nzito toka sakafuni mpaka kifuani, na makabati meusi yamesimama mbele ya dirisha. Nikamjia juu yule bwana mbele ya watu wote. Nikamwambia mtu halaumiwi kabla ya kupimwa mahala pake pa kazi. Nikamwambia unamvunjia heshima mtu mzima, unamwambia hawezi, na asiyeweza ni ukuta wako! Mama yule wa kwenye kona alikuwa akinitazama, machozi yanamlenga. Waliniandalia chai na mikate ya kumimina. Nikaondoka zangu Jambiani nimejaa kiburi, najiona mtetezi wa wanyonge.

Nikafika nyumbani alasiri. Mama yuko dirishani, amepakata mkoba wake wa vitambaa, hashoni. Nikakaa karibu yake nikakitoa kidude nikifute vumbi la njia.

"Ndicho hicho?" akaniuliza. Miaka yote hiyo hakupata kuniuliza.

"Naam mama. Ndicho kinachopima."

"Hebu kitie hapa nilipo."

Akauondoa mkoba mapajani, palepale kofia inapokaa. Nikacheka kidogo, nikakiweka kumridhisha. Mia na thelathini.

Nikasema betri imekwisha. Nikatia betri mpya. Mia na thelathini, mara mia na ishirini na tisa. Nikakigeuza kuelekea juu, kwenye ule upenyo wa mbingu kati ya mapaa, nikanyoosha mkono nje: maelfu. Nikakirudisha mapajani kwake: mia na thelathini. Kwa hivyo mbingu ilikuwa na mwanga wake kamili kama siku zote, na haukuwa ukifika.

Nikachukua fagio, nikakifunga kile kichwa cha duara kwenye ncha ya mpini kwa khanga, nikautoa nje ya dirisha mpaka ukutani kwa jirani. Kwanza kichwa kikiutazama upande wetu, nijue mwanga gani unaoupiga ukuta. Halafu nikakigeuza kiutazame ukuta kwa umbali wa shubiri, nijue ukuta unarudisha nini. Katika kila mafungu kumi yaliyoupiga, ukuta ulirudisha moja. Chini ya bomba la maji ya mvua kulikuwa na kipande cha chokaa cha zamani ambacho brashi yao haikufika, ukubwa wa sinia. Nikapima na hapo. Katika kumi, kilirudisha manane.

Nilikaa na fagio langu mkononi kama mwendawazimu. Miaka yote bibi yule alikuwa akimpakia mama yangu taa, kila Shaaban, na sisi tumeishi nayo hatuijui. Hawa wamekuja wakaizima mchana kweupe, na mimi nikasema umependeza.

"Kinasemaje?" mama akauliza.

"Macho yako hayana kitu, mama. Ni ukuta."

Nilidhani atafurahi. Alitazama nje, akanitazama mimi. "Nilikwambia nyumba imeingia giza," akasema, bila hasira, kama mtu anayenikumbusha kuzima jiko. Nikalia. Sioni haya kusema, nililia kwa sauti.

Nilipomaliza kulia ndiyo ghadhabu ikaja. Nikampigia kaka. Nikamwambia mambo yote, mia na thelathini, ukuta, moja katika kumi. Kaka akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa iwe mwanga, iwe macho, si mamoja? Haoni." Si mamoja! Nikamwambia kweupe kuwa mama hatoki kwenye nyumba yake, na akitaka kumchukua aje kwanza apite juu yangu. Hatukuzungumza mpaka Idi yenyewe, tukapeana mikono kwa sababu ya watu. Mama hakuhama. Hilo nililishinda.

Siku ya pili baada ya kuupima ule ukuta nilikwenda hotelini. Msimamizi wa hoteli ni kijana mwenye adabu ya kuajiriwa, anatabasamu hata unapomtukana. Nikamweleza taratibu. Nikamwambia hatutaki kitu, turejeshee chokaa upande ule mmoja tu unaotazama kwetu, wageni wako hawauoni hata.

"Rangi hii ni ya asili, dada. Mtaalamu wetu aliichagua."

"Asili ya wapi? Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe na chokaa. Mimi nimezaliwa hapo mbele yako, asili umletee nani?"

Akasema basi, atakuja apime mwenyewe, tusije tukasema hawajali. Akaja kweli, na simu yake. Ndani ya simu ana kitu cha kupimia mwanga. Akaingia chumbani, akamsabahi mama vizuri, akaenda dirishani, akatoa mkono nje akailekeza simu mbinguni. "Elfu sita! Mwanga upo mwingi, dada."

Ebo! Nikamwambia, "Baba wee, mama yangu anashonea kofia hewani? Anaelea? Iteremshe hiyo simu, ilaze hapa." Nikamnyooshea kigoda. Akaona haya kuisogeza simu kwenye mapaja ya mtu mzima, na nilimwelewa, basi nikamwambia ailaze juu ya kigoda kitupu. Mama akanyanyuka akampisha. Simu ikasema mia na arobaini. Akaitikisa. Akasema simu nayo inachoka. Kisha akamgeukia mama akasema kwa huruma, "Bi mkubwa, lakini na umri nao, si tunajua." Na mama, Mungu wangu, mama akaitikia kwa kichwa. Akamkubalia!

Nilimtoa yule kijana nje. Nikaandika barua kwa wakubwa wa hoteli, nikaandika nyingine kwa wanaosimamia majengo ya mji wetu, nikatia namba zote, nikachora na picha ya kichochoro na mishale ya mwanga. Wa hoteli walijibu kuwa wanathamini maoni yangu. Wengine walijibu kuwa jambo linashughulikiwa, na nadhani linashughulikiwa mpaka leo.

Nikamnunulia mama taa ya mezani yenye shingo ndefu, ya kujipinda. Nikaisimamisha ubavuni kwake, upande wa kushoto, mwanga uje kwa pembeni, nikapima mapajani mpaka nikapata mia nane. Nikamwambia haya mama, sasa shona. Akatia mishono miwili mitatu, akasimama. Akasema taa ina joto. Siku nyingine umeme umekatika. Siku nyingine amechoka. Nikaamini. Nikajisemea mwanga wa taa si wa mchana, mtu aliyezoea ukuta wake hawezi kukaa na taa, nisubiri nimpatie ukuta. Miezi ikapita. Mkoba wa ukili umetundikwa kwenye msumari na mama anachambua mchele, anatazama kichochoroni, anasema hajambo.

Aliyetupatia ukuta si barua zangu wala ofisi. Ni mvua. Ukuta wa mawe na chokaa unataka kupumua, unakunywa maji na kuyatoa. Ukiuvika rangi ya plastiki maji yanabaki ndani yanatafuta pa kutokea. Mafundi wetu wote wanalijua hilo, mtaalamu wa asili halijui. Masika rangi ilistahamili. Vuli ikaanza kufura, ikatoa malengelenge, ikabanduka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua, na vyumba vya ndani vikaota ukungu, wageni wakalalamika harufu. Ukungu wa jicho la mama yangu haukumshughulisha mtu. Ukungu wa chumba cha mgeni wiki moja haikupita, mafundi wakapanda ngazi wakakwangua kila kitu.

Mwezi wa Rajabu wakapaka chokaa. Wakasema fundi kawashauri. Msimamizi akaniona chini akanipungia mkono, anatabasamu, utadhani kanifanyia hisani. Sikumjibu. Mtu akufungie dirisha, akufungue kwa shida zake mwenyewe, halafu unywe naye kahawa? Thubutu.

Nikasubiri kuta zikauke siku mbili. Siku ya tatu, asubuhi ya saa nne, jua limeshaushika ukuta kwa juu, chumba chote kikawa kama kimefunguliwa kifuniko. Sikuhitaji kidude lakini nilikitoa, kwa kisirani tu. Nikakilaza kwenye kigoda. Mia nane na kumi. Nikapiga kigelegele, mimi peke yangu, jirani wa chini akatoa kichwa akauliza nani kaposwa.

"Mama! Njoo mama, ukuta wako umerudi!"

Akaja polepole, anashika kizingiti. Akautazama ukuta muda mrefu. Akasema, "Alhamdulillahi." Nikautungua mkoba kwenye msumari nikampa. Akakaa kwenye kigoda, akavaa miwani, akatoa ile kofia aliyoifumua mara mbili. Akatia uzi kwenye sindano mwenyewe, mara moja tu, bila kuukosa. Mimi nimesimama mlangoni.

Akashona mstari mzima. Mkono wake ulikuwa uleule, haukusahau hata kidogo, sindano inaingia inatoka, na vivuli vidogo vimepangana pembeni ya vitundu, vyote sawa. Nilitaka kuwapigia simu wote. Nilitaka kumpigia kaka kwanza, nimwambie sasa njoo utazame, mamoja hayo?

Mama akafika mwisho wa mstari. Akaukata uzi kwa meno. Akaisogeza kofia mbele ya macho, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Kisha akanipa.

"Hebu niangalie wewe. Umekaa sawa?"

"Umekaa sawa, mama. Hauna hata kasoro."

"Una hakika? Mimi sioni vizuri, si unajua."

"Mama, unaona. Nshakwambia unaona. Ilikuwa ukuta."

Akaipokea kofia, akapitisha kidole gumba juu ya mstari ule, kitundu kimoja baada ya kimoja, amefumba macho.

"Muite na jirani wa chini," akasema. "Naye aje atazame."